Ile Dhahabu ya Katikati

Jumatatu, 6 Mei

Kichwa kimejaa, acha niandike. Shule niliishia darasa la nne lakini herufi zote ninazo.

Kitinda ameitwa saluni kujaribiwa Jumamosi. Ni mwanangu wa mwisho, kitinda mimba, jina likamganda. Na si saluni ya uchochoroni! Ni ile kubwa ya Madam, yenye viti vya kuzunguka na mlango wa kioo. Akifaulu ataajiriwa kupamba maharusi. Asipofaulu atarudi kusuka nywele barazani kwetu, mgongo umepinda kutwa nzima. Msichana mbichi kabisa, lakini akiinuka anashika kiuno kama marehemu bibi yangu. Afaulu, Mungu wangu. Afaulu!

Masharti ya Madam: kila msichana aje na rangi zake, na aje na uso. Yaani mtu wa kumpaka.

Uso! Uso upi tena zaidi ya huu uliomzaa?

Nilikaa jikoni karibu na dirisha nikageuza shingo huku na kule ili mwanga unipate vizuri. Kitinda akaniuliza kama nimelala vibaya, anikande. Nikasema sijambo. Nikasubiri aniombe. Akanywa chai. Akaosha vikombe. Halafu akamwambia baba yake, tena mimi nikiwa pale pale, kwamba amefikiria kumchukua shangazi.

Wifi yangu! Anakaa nyumba ya pili, ukuta wetu ni mmoja, hata nikifunika sufuria anajua nimepika nini. Ni kweli ana macho makubwa. Hata mbuzi ana macho makubwa.

Nikasema ni wazo zuri sana, mwanangu. Nikaenda kufua shuka. Ilikuwa safi.

Jumanne, 7 Mei

Nimepata mpango.

Tatizo ni kwamba Kitinda hajawahi kuniona nimepakwa. Ananijua nikiwa na moshi usoni. Mara ya mwisho kupakwa rangi ni siku ya harusi yangu, na aliyenipaka ni huyo huyo wifi, na kwenye picha naonekana kama mtu aliyepigwa. Kwa hiyo: nijipake, Kitinda aingie, anione, ashtuke, aseme kumbe! Basi. Wifi abaki na macho yake.

Kitinda alipotoka kwenda kumsuka mteja nikafungua droo yake. Kikasha kile anakiviringisha kwenye kitambaa laini kama mtoto mchanga. Kidogo tu, kinaenea kiganjani, chembamba, ukikifunga kinasema tak. Ndani ya mfuniko kuna kioo. Rangi sita, kila moja kwenye kishimo chake, zote zinametameta: kahawia, waridi, shaba, zambarau, fedha, na katikati dhahabu yenye ua limechorwa juu. Alisuka vichwa mwaka mzima ili akipate. Huwa anasema rangi nyingine ni kuta, dhahabu ndiyo taa.

Nikaingia bafuni, maana ndiko kwenye komeo.

Waridi: haikuonekana, ngozi yangu iliimeza. Zambarau: mtu aliyeanguka ngazi. Nikafuta. Kisha dhahabu, kwa ncha ya kidole, jicho moja tu.

Jamani.

Kulikuwa na mwanamke kwenye kile kioo. Sikumjua lakini nilimpenda. Alikuwa na jicho la mtu anayesubiriwa mahali. Nikamwambia hujambo bibie. Nikafumba, nikafumbua, likawaka!

Wakati huo huo wifi akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta, eti wifi, umebakiwa na maji ya moto? Nikaruka. Kikasha kikaruka. Sakafu ni ya saruji.

Nilikifungua nimefumba macho. Rangi tano nzima. Dhahabu: makombo. Nusu ilikuwa imeshatangulia kwenye tundu la maji machafu. Nikapiga magoti nikaokota kwa ukucha. Niliokota na mchanga pia.

Wifi hakungoja jibu, alikuja mwenyewe na ndoo. Alinikuta mlangoni jicho limefumbwa. Akauliza kuna nini. Nikasema mdudu. Akanishika kichwa kwa mikono miwili akanipuliza, na wifi akipuliza ni kama anawasha jiko. Dhahabu yote ikahamia puani kwake. Alizunguka mtaani na pua inayong'aa mpaka jioni. Hakuna aliyemwambia. Hiyo ilikuwa faraja yangu pekee leo.

Kikasha nimekirudisha kwenye kitambaa.

Jumatano, 8 Mei

Nimepata mpango mwingine. Huu ni wa akili kabisa.

Kazi yangu ni kushona vifungo na pindo kwenye karakana ya Fundi. Fundi ni mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi, yeye ndiye anayekata vitambaa. Wiki hii anakata gauni la harusi la kitambaa cha kumetameta, na kitambaa kile kinapukutika. Meza nzima inang'aa. Kiti kinang'aa. Chai ya Fundi inang'aa, na ananung'unika kwamba akikohoa usiku anamulika chumba.

Nilikuwa nashona kifungo, macho mezani, nikaona vitu viwili vimelala jirani: lile vumbi la kumetameta, na chaki ya manjano ya kuchorea vitambaa.

Manjano. Kumetameta. Nikajichoma sindano kwa furaha.

Fundi alipogeuka nikakwangua chaki kwa ncha ya mkasi hadi ikawa unga laini. Vumbi nikalifagia kwa kiganja ndani ya kifuniko cha kopo la vifungo. Fundi akageuka tena. Akauliza nafanya nini. Nikasema nasafisha meza. Akavua miwani. Akasema miaka yote hii hajaniona nikisafisha meza, je, nyumbani kuna mgonjwa?

Na chaki yenyewe ni ya hali ya juu. Jana tu mteja alilalamika kwamba suruali yake ina mistari ya manjano. Fundi akapitisha pasi ya mvuke mara moja, puf, mistari haipo, kama haikuwahi kuwepo! Mteja alidhani ni mazingaombwe. Nikajisemea, chaki safi namna hii, isiyoacha hata doa, ndiyo ya kumpaka mtu.

Alhamisi, 9 Mei

Dhahabu imefufuka!

Nilichanganya unga wa chaki, vumbi la kumetameta, makombo yaliyookolewa (bila mchanga, kwa sehemu kubwa) na tone la mafuta ya mgando. Nikajaza kishimo. Nikakandamiza kwa subana, hii ninayovaa kidoleni nisichomwe na sindano, na utadhani ilitengenezwa kwa kazi hiyo, imeenea kama kifuniko. Halafu nikachora ua kwa sindano. Ua langu lina miguu.

Mzee wangu akaingia nikiwa katikati ya shughuli. Ikabidi nimweleze. Akasema mwambie mtoto. Nikasema nitamwambia, baada ya Jumamosi. Akasema mwambie kabla. Nikasema haya ni mambo ya wanawake, hayaelewi. Akasema huenda, lakini basi aelezwe kwa nini mkate wake unametameta.

Jioni Kitinda akafungua kikasha. Nilikuwa nakata vitunguu, bahati nzuri, maana machozi yalikuwa na sababu. Akakitazama. Akasema mbona anakumbuka ua lilikuwa jembamba. Nikasema vitu huvimba kwenye joto. Akanitazama mimi. Akaitazama tena dhahabu. Akapitisha kidole, akapaka mgongoni mwa mkono wake, ikang'aa! Iling'aa kweli! Akafunga. Tak.

Kisha akasema mama, Jumamosi uje na wewe, unishikie mkoba.

Nikushikie mkoba! Mwili wangu mzima ulimbeba, sasa nimepanda cheo nabeba mkoba. Lakini nimekubali. Mtu aliye karibu na kiti yuko karibu na kukikalia.

Ijumaa, 10 Mei

Nimejipaka dhahabu yangu mgongoni mwa mkono tangu asubuhi ili niijaribu kwa haki. Nimeosha vyombo kwa maji baridi: ipo. Nimekanda unga: ipo, na kwenye unga ipo. Nimefua: ipo. Ni imara kuliko ya dukani. Ningezaliwa kwa watu wengine leo ningekuwa na kiwanda.

Mchana nikapita kwa wifi, kwa wema tu. Nikamwambia nimesikia rangi za macho zinaleta makunyanzi, na kwa mtu mwenye macho makubwa yanakuja makubwa. Nikasema kama anaogopa, asione haya, mimi naweza kujitolea badala yake. Wifi alicheka mpaka akakalia ndoo. Akasema wifi yangu, makunyanzi yote yaliyokuja mtaa huu yalishafikia kwako, kwangu hayana njia. Tena akasema anipe pole kwa ule mdudu wa Jumanne.

Nimerudi nyumbani. Kitinda alikuwa anafanya mazoezi ya kupaka, na uso wa mazoezi ni baba yake. Mzee wa watu amekaa kwenye kiti, macho ya zambarau, anasikiliza redio. Kitinda hakutumia dhahabu, alisema anaitunza kwa kesho. Nikauangalia mkono wake. Unatetemeka. Mkono ambao husuka kichwa kizima huku unapiga soga, leo unatetemeka.

Nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka. Nikamuuliza kama atakula.

Jumamosi, 11 Mei

Acha niandike taratibu nisiruke kitu.

Tulifika mapema. Mimi mkoba. Wifi gauni la bluu na manukato ya kutosha watu watatu. Wasichana wengine walikuwa na marafiki zao, nyuso laini kama mayai. Madam ni mwanamke mnene, mtulivu, kikombe cha chai mkononi. Alieleza utaratibu wake, na ni hapo nilipoukumbatia mkoba kwa mikono miwili. Alisema bibi harusi hutoka jasho, na hulia. Kwa hiyo kila uso ukishapakwa unakaa mbele ya mashine ya mvuke, ile ya kulainisha nywele, na yeye anakunywa chai yake. Kikombe kikiisha anautazama. Kilichobaki usoni ndicho anachokipa alama.

Mvuke.

Nikaona suruali ya yule mteja. Nikaona pasi ya Fundi. Puf.

Nikamvuta Kitinda mkono. Nikamwambia mwanangu, sikiliza, usipake dhahabu, shangazi yako hapendezi na dhahabu, ana rangi ya mtu wa fedha. Wifi akasikia. Akasema kwa sauti ya kufika barabarani kwamba yeye dhahabu ndiyo rangi yake tangu azaliwe, na kuna watu hapa roho zinawauma. Kitinda akasema mama, tafadhali, kaa. Nikakaa.

Alimpaka vizuri, siwezi kusema uongo. Kahawia kwenye mkunjo, shaba juu yake, akachanganya mpaka huoni moja inaishia wapi. Mwisho kabisa, kwa kidole, dhahabu katikati ya kope. Wifi akafumbua macho na saluni nzima ikasema aaa. Hata Madam alisogea. Kwa muda mfupi nilijivunia. Dhahabu ile ni yangu!

Kisha mashine ikawashwa.

Madam alipiga funda. Wifi alikuwa anatabasamu ndani ya mvuke kama malkia. Funda la pili. Dhahabu ikaanza kuondoka. Jicho la kushoto kwanza. Haikumwagika, haikufifia polepole, iliondoka tu, kama mgeni asiyeaga. Vumbi la kumetameta likabaki peke yake, halina pa kushika, likateremka mashavuni. La kulia likafuata. Kisha wifi akasema kuna kitu kinawasha. Akasugua. Hapo sasa! Jicho likawa jekundu, la pili likalionea wivu. Akapiga kelele kwamba anakuwa kipofu, aitiwe kaka yake. Wakampeleka kwenye sinki wakamwosha kwa maji mengi, akaona vizuri tu, lakini aliapa kwamba kwenye kiti kile harudi.

Kitinda alisimama na brashi mkononi. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. Alikuwa anakikodolea macho kile kishimo cha dhahabu, akakinusa. Akaninusa mimi kwa macho.

Wasichana wengine walikuwa wanachekea viganjani. Madam akaweka kikombe chini. Akasema ameona mkono, hajaona rangi. Akasema atajimiminia chai nyingine, na kama msichana ana uso mwingine aulete sasa hivi.

Niliusukuma mkoba chini nikasimama. Sikumbuki kutembea. Nilijikuta kwenye kiti, kinazunguka, nikaukabili ukuta, wakanigeuza.

Kitinda aliinama karibu kabisa. Akaninong'oneza nisikunje uso. Akasema ile ni chaki, amekulia chini ya meza ya Fundi, anaijua harufu yake, Alhamisi aliisikia akajiambia haiwezekani. Nikafungua mdomo nijitetee. Akasema na mdomo pia usikunje. Nikamuuliza kwa meno yaliyofumbwa, sasa utafanyaje bila taa? Akasema nifumbe macho tu.

Akapaka. Vidole vyake vina joto. Nikangoja vitetemeke, havikutetemeka. Akaninong'oneza tena, na hili nitalikumbuka hadi kaburini: hakunichagua mwanzo si kwa sababu ya macho ya shangazi. Aliogopa. Alisema akinikalisha mimi halafu akashindwa, atakuwa ameshindwa mbele ya mama yake, na mama yake atasema kosa ni la sura yake. Kwa hiyo mkono ungetetemeka. Nikamuuliza na sasa je? Akasema sasa mama umeshaharibu kila kitu, hakuna kilichobaki cha kuogopa. Akacheka. Nami nikacheka, nikakatazwa.

Mashine ikawashwa usoni kwangu. Na mimi, mjinga mimi, nikaanza kulia. Si kidogo. Nililia kama bomba, mbele ya nyuso zote zile laini, mvuke kwa nje na machozi kwa ndani. Nilisikia Madam anapiga mafunda. Nikasema basi, nimemharibia mara mbili.

Kikombe kikagonga kisosi. Mashine ikazimwa. Madam akanishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga, kushoto, kulia. Akapitisha kidole kwenye kope. Akawaita wale wasichana waje waangalie. Akasema wote wameleta nyuso za wenzao, lakini viti vyake hujaa mama wa maharusi, wenye kope za kukunjana na kulegea kama hizi, na wanalia kuliko maharusi. Akasema huyu anajua kope iliyolegea inabeba rangi wapi, kahawia iko pale pale, waridi iko pale pale.

Kukunjana na kulegea! Nilitaka kuinuka. Halafu akasema Kitinda aanze Jumatatu, nikakaa tena.

Nikageuzwa kwenye kioo kikubwa. Alikuwa yule mwanamke wa bafuni. Macho mekundu, amechoka, hana hata chembe ya dhahabu. Lakini waridi ile iliyomezwa na ngozi yangu Jumanne, leo ilikuwa imetoka. Kumbe inahitaji tu mtu anayejua pa kuiweka. Nikamwambia hujambo bibie. Kitinda nyuma yangu akaitikia sijambo mama.

Jumapili, 12 Mei

Nyumba imejaa furaha. Mzee ameimba bafuni. Wifi macho yamepoa, na ameshaueleza mtaa mzima kwamba uso wake ndio uliomfanya Madam asogee, wa kwangu ulikuja tu kumalizia. Nikamwambia ile mashine haipatani na macho makubwa. Akakubali kabisa.

Nimekaa nikafikiri kwa kina juu ya wiki hii. Tuangalie ukweli. Nisingevunja dhahabu, nisingetengeneza ya chaki. Nisingetengeneza ya chaki, wifi asingetoka kwenye kiti. Asingetoka, nisingekaa mimi. Nisingekaa, Madam asingeona kope. Kwa hiyo nani amempatia Kitinda kazi? Mimi si mtu wa kujisifu, lakini mpango ulikwenda vile vile nilivyoupanga. Nimemweleza Mzee. Amekwenda kulala.

Madam amempa Kitinda kikasha cha kuanzia kazi kesho. Hiki ni kipana, kizito, kina rangi nyingi mno, na Kitinda anasema zimo dhahabu za kila namna. Ameniomba kwa heshima zote, mama nakusihi, usikiguse. Nikamwambia mwanangu, nikiguse kwa lipi?

Sasa ametoka kwenda kumshukuru shangazi yake. Wasiwasi wangu ni mmoja tu. Kesho ni siku ya kwanza, itakuwaje kama wamempa kibovu? Mama yeyote angetazama. Nitakifungua mara moja tu, bafuni, kule mwanga ni mzuri. Mikono nimekausha vizuri.

Na subana ninayo mfukoni, kwa tahadhari.